Maswali yenu: mbawakawa wenye feni kichwani

Mvua zikianza, mbawakawa hufuata taa, na maswali yenu huwafuata mbawakawa. Nimechukua matano ya jamii moja: wale ambao ncha za vipapasio vyao zina vibamba.

Mmoja aliangukia mezani usiku, chali. Alipojigeuza alikunjua kitu kama feni kwenye kila kipapasio, kisha akaruka. Kile ni nini?

Ni pua. Pingili za mwisho za kipapasio zimebapa zikawa vibamba, vinavyofunguka na kufunga kama kurasa. Akichimba udongo huvibana vikawa kirungu kidogo. Akitaka kunusa huvitandaza, hewa ipite katikati. Huyo wako alikuwa akiuliza aende wapi. Kwa mbawakawa wa Ulaya aitwaye Melolontha melolontha, dume ana vibamba 7 virefu, jike 6 vifupi. Dume ndiye anayemtafuta jike kwa harufu, basi pua kubwa kapewa yeye.

Yule mwenye pembe kama za kulungu anaweza kukata kidole?

Zile si pembe, ni taya. Dume huzitumia kumwinua dume mwenzake na kumbwaga chini. Zinatisha kuliko zinavyouma. Jike mwenye taya fupi ndiye wa kuogopa, na hata yeye atakufinya tu. Lucanus cervus wa Ulaya hukaa miaka kadhaa akiwa buu ndani ya mti uliooza, halafu akishapevuka huishi kiangazi kimoja.

Nimekuta funza weupe wanene, wamejikunja kama ndoana, kwenye mboji. Niwaue?

Ngoja kwanza. Mweke mmoja juu ya kitu tambarare umtazame. Akilala chali na kujikokota kwa mgongo, miguu juu haina kazi, huyo ni mtoto wa mbawakawa wa maua. Anakula mabaki yaliyooza, yaani anakusaidia. Mrudishe. Asipofanya hivyo, fikiri zaidi: baadhi ya ndugu zake hula mizizi hai. Wapo pia watoto wa mbawakawa kifaru, wanaokulia kwenye mboji kama hiyo bila kumdhuru mtu. Wakishapevuka ndipo hutoboa kilele cha mnazi. Mwenye minazi asiwaonee huruma.

Ni kweli wanaoviringisha kinyesi husoma nyota?

Kweli, ingawa "kusoma" ni neno kubwa. Mwaka 2013 watafiti walichapisha majaribio waliyofanya Afrika Kusini. Waliwavika Scarabaeus satyrus vikofia vya karatasi ngumu wasione anga, na njia zao zikapindapinda. Kisha wakawaingiza katika jumba la kuonyeshea nyota, Johannesburg. Walipoonyeshwa utepe wa Njia Nyeupe peke yake, yaani ule ukanda hafifu wa nuru ya nyota nyingi unaokatiza anga, walinyoosha njia karibu sawa na walivyofanya chini ya anga lote la nyota. Na kunyoosha si maringo. Penye rundo la kinyesi pana wezi. Akizunguka atajikuta palepale, mpira uporwe. Pua humleta kwenye kinyesi, macho humwondoa.

Nani ana nguvu kuliko wote?

Katika waliopimwa, namtaja Onthophagus taurus, naye ni mbawakawa wa kinyesi, mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba mmoja alivuta mzigo wenye uzito wake mara 1,141. Madume wenye pembe hupigana mlangoni mwa shimo la jike. Wasio na pembe huchimba njia ya pembeni na kumkuta jike huko ndani, mwenye nyumba akiwa bado analinda mlango.