Mirihi, mazimwi na maswali yenu

Tangu niseme hapa kwamba nasoma riwaya za kutisha na za kisayansi kuliko za mapenzi, ujumbe umemiminika. Nimechagua michache. Mingine ilikuwa ugomvi mtupu.

Shikamoo mwandishi. Niko kidato cha tatu, sijawahi kusoma riwaya ya kisayansi. Nianze na ipi? (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Pengine umeshaanza bila kujua. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951, ni nchi iliyo angani. Wajumbe wake wanatumwa pande zote nne, mbinguni na hata ardhini kutafuta mambo ya kuigwa, na wakirudi malipo yao ni kifungo. Mwalimu atakwambia ni fumbo juu ya watawala, na hakosei, ila wewe isome kwanza kama safari. Halafu, kama Kiingereza hakikusumbui, tafuta The Time Machine ya H. G. Wells ya mwaka 1895. Ni kitabu chembamba, na mwandishi hakuchoshi kwa maelezo ya mashine. Anakupeleka mwaka 802,701, basi.

Kuna haja gani ya kusoma vitabu ambavyo sayansi yake ilishakanushwa? Mirihi haina watu. (Fundi umeme, Dodoma)

Kweli fundi, sayari hiyo haina. Lakini chukua The War of the Worlds ya Wells huyohuyo, iliyotoka kama kitabu mwaka 1898. Viumbe wa Mirihi wanatua Surrey, kusini-magharibi mwa London, na mashine za miguu mitatu na miale inayounguza. Jeshi la dola kubwa kuliko zote linatawanyika kama kuku. Wells hakuficha alichokuwa akikilenga: katika sura ya kwanza kabisa anawakumbusha Waingereza jinsi wahamiaji kutoka Ulaya walivyowafagilia mbali watu wa Tasmania ndani ya miaka hamsini, kisha anauliza kama tuna haki ya kulalamika tukivamiwa kwa roho ileile.

Sasa weka kitabu hicho kando ya kalenda yetu. Julai ya mwaka huohuo, 1898, Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijipiga risasi kule kwao Iringa ili Wajerumani waliokuwa wakimwinda wasimpate akiwa hai. Wakakata kichwa, kikapelekwa Ujerumani. Fuvu lilirudishwa 1954. Msomaji wa London alikuwa anaombwa awaze tu mambo ambayo Iringa yalikuwa habari ya wiki. Mwishoni mwa riwaya wavamizi wanauawa na vijidudu. Huku kwetu malaria nayo ilijaribu kazi hiyo, ikazuiwa na kwinini.

Kinachochakaa katika vitabu hivi, kwa maoni yangu, si sayansi. Jules Verne alitoa mwaka 1863 riwaya ya Waingereza watatu wanaovuka Afrika kwa puto, wakianzia Zanzibar, mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwahi kufika. Wakifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, watu wanadhani puto ni mwezi na wasafiri ni watoto wake, mpaka mwezi wenyewe unapochomoza na wageni wanalazimika kutoroka. Kazeh! Kituo kikubwa cha misafara, mji wa watu waliokuwa wakipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na vitambaa na habari za dunia. Puto la Verne bado linaruka vizuri hadi leo. Watu wake ndio walioharibika, kwa sababu hakuwatazama.

Nilisinzia nikisoma Dracula. Mbona haitishi? (Msomaji, Nakuru)

Ulikuwa unasubiri meno ya mzimu mnyonya damu. Rudi mwanzo, taratibu. Wakili kijana yuko safarini, analala hotelini, anakula kuku wa pilipili nyekundu, halafu anaandika kwenye shajara yake kwamba asisahau kumchukulia mchumba wake maelezo ya kupika kuku huyo. Sura ya pili sasa: yuko kwenye kasri la mwenyeji wake, ananyoa ndevu. Mkono unamgusa begani, anasalimiwa. Kioo kinaonyesha chumba chote nyuma yake na hakionyeshi mtu. Damu ni kidogo tu, kidevuni alipojikata. Mtu aliyekujali hata akakuandikia habari za kuku, utamkatalia habari za kioo? Hiyo ndiyo kazi ya Bram Stoker mwaka 1897. Huko mbele wanaume wanaapiana na kuhutubiana kupita kiasi. Hapo ruksa kufunua kurasa harakaharaka.

Nikisoma usiku silali. (Msomaji, Kigoma)

Soma mchana.

Mume wangu anasema vitabu hivi vinaita majini nyumbani. Nimjibu nini? (Mama, Tanga)

Dada yangu, kati ya mke na mume siingii. Ila bibi zetu walisimulia mazimwi kila usiku na sisi tukalala salama, tena kwa kubanana. Mchukulie Adili na Nduguze, ya Shaaban Robert wa hapohapo Tanga. Mtu mwema anawachapa manyani wawili kila usiku, na manyani hao ni ndugu zake wa damu. Msomee baada ya chakula, ukomee hapo, ufunge kitabu. Asipouliza kwa nini wanachapwa, nitanyamaza.

Kwa nini waandishi wa Kiswahili hawaandiki mambo haya? (Msomaji, Mombasa)

Wanaandika. Katika Walenisi ya Katama Mkangi, ya 1995, mtu aliyehukumiwa kifo anarushwa na chombo na kuibukia nchi isiyo na bwana wala mtwana. Katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya 2001, marehemu anarudi kumsumbua mjukuu aliyeshiba madaraka. Ugomvi wangu ni kwamba mizimu yetu inahubiri mno. Mzuka unatoka kaburini, nywele zinakusimama, mara unaanza kueleza uongozi bora. Sehemu ya lawama ni ya soko: mchapishaji mmoja alisoma mswada wangu wa kutisha, swali lake la kwanza likawa kama utafaa kuwa kitabu cha kiada.

Na malighafi tunayo. Desemba 12, 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini, Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kutafuta eksirei kutoka angani, na vipimo vyake vilisaidia kutambua shimo jeusi la Cygnus X-1, mahali angani penye mvutano mkali hata mwanga hautoki. Roketi inapaa juu ya bahari ya wavuvi, kwenda kutafuta nyota iliyomezwa na giza! Riwaya yake kwa Kiswahili mimi sijaiona dukani. Wewe wa Mombasa uko karibu na Ngomeni kuliko mimi, na wazee walioiona ikiruka bado wapo.