Hifadhidata Ikigoma Kuandikwa, Anza na Folda

Ukianza kazi ya kuhudumia watumiaji wa Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft, malalamiko haya hayatachelewa kukufikia: "Faili inafunguka, data naiona, lakini siwezi kubadili chochote. Inaniambia ni ya kusoma tu." Wageni wengi hukimbilia sifa za faili, wakaondoa alama ya kusoma tu, wakajaribu tena na kukuta mambo ni yale yale. Kuangalia hapo si vibaya, ila mara nyingi kizuizi kiko kwenye folda.

Access ikifungua mauzo.accdb, huunda kando yake faili ndogo iitwayo mauzo.laccdb. Kwa faili za zamani za .mdb, ndogo hiyo huishia na .ldb. Humo huandikwa nani yumo ndani, na mtu wa mwisho akitoka hufutwa. Kwa hiyo mtumiaji anahitaji ruhusa ya kuunda, kubadili na kufuta ndani ya folda yenyewe. Akinyimwa hiyo, hata kama faili ni yake kabisa, ataishia kusoma tu.

Jaribio langu ni hili: keti kwenye kompyuta yake, kwa akaunti yake (si yako ya msimamizi, maana yako inapita kila mlango), unda faili ya maandishi kwenye folda ile, ibadili jina, kisha ifute. Ikikwama hatua yoyote, umempata mchawi. Kama folda iko kwenye seva, kagua ruhusa za aina mbili, za kushirikisha folda kwenye mtandao na za diski yenyewe, kwa sababu ile iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda.

Wakati mwingine .laccdb hubaki baada ya kompyuta kuzima ghafla. Usiifute kabla wote hawajatoka. Windows ikikataa kuifuta, bado kuna mtu ndani. Ifungue kwa Notepad utaona jina la kompyuta yake.

Faili iliyofunguliwa moja kwa moja kutoka kwenye zipu au barua pepe, itoe kwanza uiweke kwenye folda ya kawaida. Hapo hapahitaji uchunguzi.

Na kama ni jedwali moja tu linalogoma, nalo limeunganishwa kutoka SQL Server (mfumo wa hifadhidata wa kwenye seva), achana na ruhusa za folda. Tazama kama lina ufunguo msingi, yaani safu inayotofautisha kila rekodi na nyingine. Bila huo Access huliona ila hailiandiki.