Kabla hujatuma damu kwenye maabara ya kinga

Watafiti wa saratani wanaotupigia simu kwa mara ya kwanza huuliza mashine zetu zinasoma rangi ngapi, yaani alama ngapi za kutambulisha seli kwa mara moja. Mimi huwauliza damu itatolewa saa ngapi, na nani ataibeba. Baadhi hudhani nakwepa swali.

Seli T, yaani seli nyeupe za damu za kinga tunazozipima, zinafika kwetu zikiwa hai, au hazifai. Damu ikilala hadi kesho yake kabla ya kutenganishwa, nyutrofili, aina nyingine ya seli nyeupe, hubadilika uzito na kubaki kwenye tabaka lilelile tunalovuna. Badala ya ukungu mweupe mwembamba juu ya Ficoll, kimiminika cha kutenganishia seli, unakuta tabaka zito lenye wekundu. Uchafu huo huzidhoofisha seli T, na majibu yanasomeka kana kwamba dawa haikuamsha kinga. Kwa hiyo pigania muda: ndani ya saa 8 ndiyo raha yetu. Na isiwekwe kwenye barafu! Manesi wamezoea kupoza sampuli, lakini hii isafiri kwa joto la kawaida la chumba.

Chupa nayo ina maneno yake. Ukitaka kuona seli zikifanya kazi, tumia ya heparini, kwa sababu EDTA, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, hufunga kalsiamu ambayo seli T huihitaji ili ziamke. Ukitaka DNA, geuza: heparini husumbua PCR, kipimo cha kuzidisha DNA.

Damu ya kabla ya dozi ya kwanza ndiyo ya kulindwa kuliko zote, maana ikikosekana hairudi. Tukishatenganisha seli zake, tuzigandishe pamoja na za damu zinazofuata, kisha sampuli zote za mgonjwa mmoja zipimwe siku moja, na fundi mmoja, pamoja na seli za mtu mwenye afya ambazo majibu yake tunayajua tayari. Ni kazi ya kuchosha kungoja, nakubali.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata wazoefu. Nivolumab na pembrolizumab, dawa za saratani za kuamsha kinga, hukaa juu ya PD-1 yenyewe, protini iliyo juu ya seli T inayozipunguza kasi. Kingamwili ya kupimia, ile yenye rangi tunayoitumia kuitafuta PD-1, ikilenga mahali hapohapo, mashine itaonyesha PD-1 imetoweka, kumbe imefunikwa tu. Tuambie mapema mgonjwa anapewa dawa gani, tutafute kingamwili inayoshika upande mwingine, au tuisake dawa yenyewe juu ya seli, kwani dawa zote mbili ni kingamwili za aina ya IgG4, tunayoweza kuitambua.

Halafu hesabu seli zako. Mililita 10 za damu ya mtu mzima mwenye afya hutupa takribani seli milioni 10 za kufanyia kazi. Aliyetoka kwenye kemotherapia mara nyingi hutoa pungufu sana, na nyingine hufa wakati wa kuyeyushwa. Orodha ya vipimo saba kwa chupa moja haitekelezeki. Vipange kwa umuhimu na utuandikie, ili seli zikipungua tujue tuanze kuacha kipi bila kukuamsha usiku.