Lalamiko la ubaguzi kati ya mtu na mtu: kwa wanaoanza kazi ya msaada wa kisheria Mbeya

Wahitimu wengi wa sheria wanaoanza kazi hapa Mbeya, wakipokea lalamiko la ubaguzi, hukimbilia Ibara ya 13 ya Katiba, inayohusu usawa na kukataza ubaguzi. Isomeni kwa makini kwanza. Ibara ndogo ya (4) inawalenga wanaotekeleza madaraka chini ya sheria au kazi za Mamlaka ya Nchi, na kwa usomaji wangu mwenye duka wa Mwanjelwa hayumo humo moja kwa moja. Kwa kuwa hatuna sheria moja ya jumla inayokataza ubaguzi katika mikataba yote ya watu binafsi, ulizeni mapema ni uhusiano gani unaowaunganisha mlalamikaji na mlalamikiwa.

Ukiwa ni wa ajira, mna silaha nzuri. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamkataza mwajiri kubagua kwa sababu kama vile kabila, dini, jinsi, ujauzito, ulemavu au umri, na kinga hiyo inamfikia hata anayeomba kazi. Jambo ambalo wanaoanza kazi hii hulipita ni mzigo wa kuthibitisha: mfanyakazi akishaonyesha ushahidi wa awali, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea, au kwamba uamuzi wake haukutokana na sababu iliyokatazwa. Kwa hiyo mhudumu wa hoteli ambaye mkataba wake haukuongezwa baada ya mimba kuonekana asiishie kusimulia uchungu wake; alete ratiba za zamu, barua, na majina ya wenzake wa cheo kilekile walioongezewa mikataba. Angalieni pia tarehe kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60.

Ardhi ina mkondo wake. Mjane wa Rungwe akiambiwa na shemeji zake kwamba shamba la migomba ni la ukoo, someni kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kinachobatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi. Someni pia shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory la mwaka 1990, ambamo Jaji Mwalusanya alikataa mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza shamba la ukoo. Wadaawa walikuwa ndugu, Serikali haikuwamo, lakini Katiba iliingia kupitia mila ambayo Mahakama ilitakiwa kuitumia. Hapo ndipo Ibara ya 13 inapopata kazi katika sheria binafsi, yaani sheria ya mahusiano kati ya mtu na mtu. Hata hivyo, msimwahidi mjane ushindi katika mirathi ya kimila. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikataa kufuta kanuni za mirathi ya kimila zinazombagua mjane, zilizomo katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, ingawa mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba dhidi ya ubaguzi wa wanawake iliona kwamba Tanzania ilikiuka haki za wajane waliohusika.

Kuhusu mwenye nyumba anayekataa kumpangisha mwanamke asiye na mume, mwambieni mteja ukweli kwamba njia ya mahakamani ni nyembamba, kisha mwombeni mjumbe au mwenyekiti wa mtaa akazungumze na mwenye nyumba.