Nyumba haipati mteja? Msikimbilie jipsamu na marumaru kwanza

Dada pole sana na hiyo kazi. Umesema nyumba ya marehemu mzee ipo Mbagala, vyumba vitatu, wateja wanakuja wanazunguka wanasema "tutakupigia" afu kimya, na sasa hivi ndugu wanataka mchange muweke jipsamu na marumaru mpya ili ivutie. Mimi nimesimamia kuuza nyumba ya familia Tabata, nayo ilikaa sokoni hivyohivyo mpaka tukakata tamaa, kwahiyo nakuambia kitu nilichokiona. Hiyo hela msiitoe kwanza.

Mnunuzi wa Dar anaingia getini tayari ana hofu. Kasikia nyumba moja imeuzwa kwa watu wawili, kasikia mtu kalipa afu mtoto wa mke mwingine akaibuka na kesi, na bomoabomoa ya bonde la Msimbazi mwishoni mwa 2015 hajaisahau, wala ile ya Kimara 2017 barabara ya Morogoro ilipokuwa inapanuliwa. Mtu wa namna hiyo hata umwekee dari la hoteli atalisifia tu kisha anaondoka.

Kwahiyo anzeni na makaratasi, na hapo nakuuliza wewe, msimamizi wa mirathi ameshateuliwa na mahakama? Kama bado basi hamna cha kuuza, mteja mwenye hela na mwanasheria wake hawezi kusogea. Sisi barua ya usimamizi ilivyotoka tukatengeneza faili moja, ndani kuna nakala ya hati, risiti za kodi ya pango la ardhi, bili ya maji iliyolipwa, na muhtasari wa kikao cha familia wenye saini za warithi wote. Mteja akikaa tu sebuleni faili linawekwa mezani kabla hajauliza, na tunamwambia aende mwenyewe ofisi ya ardhi akafanye upekuzi, yaani akaangalie kwenye kumbukumbu nyumba ni ya nani. Yaani unaona kabisa sura inabadilika! Kama mna leseni ya makazi, kile kibali cha muda cha kumiliki kiwanja, na sio hati semeni mapema, maana anayetegemea mkopo wa benki anaweza kukwama huko mbele na mkawa mmepotezeana muda. Na kwa wengine mnaosoma ambao nyumba ni ya mume na mke, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza kwa nyumba ya familia, kwahiyo mwenza awepo siku mteja anapokuja, asiwe anasikia kwa majirani.

Kitu kingine naomba ukaangalie ukuta wa nje. Yale maandishi ya NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI ambayo familia nyingi huyaandika msiba ukishapita, kama yapo yafutwe vizuri na rangi ipigwe ukuta mzima, sio kiraka, kiraka kinamfanya mtu aulize kulikuwa kumeandikwa nini.

Sasa matengenezo. Tengenezeni kinachotisha. Chumvi inayokula ukuta chini, paa linalovuja, chemba iliyojaa, bomba lisilotoa maji. Kwenye chumvi msipake rangi juu yake, itarudi tu tena itarudi wakati mteja anakuja mara ya pili na mkewe, bandueni plasta pale chini mpige upya kwa saruji yenye dawa ya kuzuia maji. Choo kioshwe mpaka harufu iishe kabisa. Marumaru atakayenunua atabandika anazozitaka yeye, wengi wakishanunua wanang'oa.

Na wateja wapelekeni hata masika, Machi mpaka Mei, watu wengi wanasubiri mvua iishe ila kama nyumba yenu haiingii maji mvua ndio shahidi wenu. Aliyenunua ya kwetu alikuja siku kuna matope, akasimama uani muda mrefu anaangalia maji yanaelekea wapi, hakuuliza dari wala rangi.

Wapangaji. Hapa ndipo wengi wanakwama na hawajui. Mpangaji anayejua nyumba ikiuzwa yeye anahama hawezi kukufungulia chumba kwa moyo, na mteja akikutana na chumba kimefungwa anahisi kuna kitu kinafichwa, au mbaya zaidi mpangaji anamnong'oneza kuwa ndugu hamuelewani. Kaeni nao, wapeni notisi yao ya haki, hata kuwasamehe kodi kidogo wakubali kupanga vyumba na kuwepo mteja akija. Ni watu, wana watoto shuleni hapo jirani, ukiwaheshimu wanakusaidia kuuza.

Madalali msiwape watano. Kila mmoja anaongeza cha juu chake, nyumba moja inaonekana mtandaoni kwa bei tatu na picha zilezile, na mteja anaona huo ni utapeli. Wekeni mmoja au wawili, kamisheni iandikwe, cha juu hakuna, na bei iandikwe kwenye tangazo. Picha pigeni asubuhi, mapazia wazi, ndoo na madumu yatoke, nguo zitoke kwenye kamba, na lazima iwepo picha ya njia ya kuingilia sababu swali la kwanza kwenye simu ni "gari inafika?"

Kuhusu kushusha bei, msishushe kwa kuwa mmechoka. Tafuteni mthamini aliyesajiliwa, afu muulize mtaani nyumba zilizouzwa karibuni zimeenda kwa ngapi kweli, sio zilizotangazwa. Kama bei yenu iko juu ya hapo shusheni kwa mkupuo mmoja mpaka panapostahili, kushusha kidogokidogo kila mwezi mteja anakaa pembeni anasubiri nyingine.

Ukijibu hilo la msimamizi wa mirathi nitakueleza na upande wa kodi ya TRA mkishauza.