Faini ya maegesho wakati mtandao uligoma

Mkuu, pole. Nimekuelewa: uliegesha karibu na kivuko cha Kamanga, Mwanza, namba ya malipo ikakataa mchana kutwa, na sasa faini imekaa juu ya deni la maegesho. Mimi yalinikuta Barabara ya Kenyatta.

Usikimbilie kulipa faini ukidhani utarudishiwa. Hela ikishaingia serikalini, kuitoa ni shughuli. Kwanza chukua taarifa ya miamala kwa mtandao wako wa simu, ile inayoonyesha "muamala umeshindikana" na saa yake. Mimi nilikuwa na picha ya skrini, saa 6:42 mchana, na hapo ndipo afisa alipoacha kubisha.

Kisha barua kwa ofisi inayokudai ushuru huo wa maegesho, ukurasa mmoja tu: namba ya gari, tarehe, mahali, namba ya malipo, ulijaribu mara ngapi. Omba kwa maandishi faini isimame wakati wanachunguza. Nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi, la sivyo utaambiwa hawajaiona.

Kijana wa maegesho akisema atakufutia kwa elfu mbili, mkatalie. Deni liko kwenye mfumo, haliko mfukoni mwake. Ukipewa hati ya kuitwa mahakamani, muone wakili kabla ya tarehe hiyo.