Kabla hujanunua swichigia ya kilovolti 11 kwa kiwanda cha Pwani

Usiku mmoja wa masika mlinzi wa kiwanda kimoja Tanga alinipigia simu: chumba cha umeme kinanuka, na kuna kitu kinalia ndani. Nilipofika nikazima taa, nikasikiliza. Ulikuwa mlio wa dagaa wanaokaangwa mbali, pamoja na ile harufu kali ya ozoni inayokaba koo. Umeme ulipokatwa tukafungua boksi la kebo. Insuleta, vile vishikio visivyopitisha umeme, zilikuwa na unga mweupe, na shaba imeota kutu ya kijani. Paneli zenyewe za swichigia, yaani makabati ya swichi za kukata na kugawa umeme, hazikuwa na hata miaka minne.

Wengi wanaoniomba ushauri huanza na joto. Joto lina hesabu yake: viwango vya IEC, tume ya kimataifa ya ufundi wa umeme, vinachukulia kilele cha nyuzi 40 na wastani usiozidi 35 kwa saa 24. Chumba chako kikizidi hapo, mwambie muuzaji mapema akupe basiba (pau za kubeba umeme ndani ya paneli) nene zaidi. Kinachotumaliza huku ni umande. Usiku chuma kinapoa, hewa ya baharini inakigusa, maji yanatanda juu ya insuleta yenye chumvi na vumbi, na umeme unaanza kutambaa juu yake taratibu mpaka siku inapolipuka.

Kiwanda kile kilikuwa na kiyoyozi, tena kikubwa, kinapuliza moja kwa moja kwenye paneli. Mlango ukifunguliwa tu, hewa ya nje inakutana na chuma baridi na kuacha maji. Hita za kuzuia umande ndani ya paneli zilikuwepo pia, ila swichi yao ilikuwa imejikata na hakuna aliyejua tangu lini. Ndiyo maana siku hizi nadai taa ya hita iwe nje ya mlango, mahali mlinzi anapoiona akipita. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na brika moja, ile swichi kubwa inayokata umeme.

Kwenye zabuni usiandike "ya kitropiki" ukaishia hapo, maana neno hilo halimbani mtu. Taja IEC 62271-304, inayohusu paneli za ndani zinazokaa kwenye umande na uchafu, na umtake muuzaji aandike daraja la paneli zake.

Kama una transfoma moja au mbili, mimi ningechukua RMU (ring main unit, seti ndogo ya swichi za kilovolti ndani ya kasha moja) yenye tangi la chuma cha pua lililofungwa kabisa, na ncha za kebo za aina ya kiwiko zenye ngao. Bei ya kuanzia inaweza kukushtua, lakini chumba kinakuwa kidogo na kazi ya kusafisha ndani inapungua sana. Ukiwa na njia nyingi za kutoa umeme, paneli zinazohamiwa kwa hewa, zenye brika za vakyumu (zinazokata umeme ndani ya chupa isiyo na hewa), bado zinalipa, mradi bajeti ya hita na ya kuziba mtaro wa kebo usiguse. Mtaro ulio wazi unaleta maji ya chini ya ardhi hadi miguuni pa kebo. Ndiko tulikoanzia matengenezo pale Tanga.

Halafu kuna muda wa kusubiri jengo likamilike. Vuta waya wa muda, washa hita paneli zikiwa bado kwenye makasha. Nimewahi kufungua kasha lililokaa miezi sita chini ya turubai: paneli mpya, haijawahi kuona umeme, na bolti za basiba zimeshashika kutu.